Kabla ya kukuza ramani ya vivuli, bana boksi la jua

Mchezo wangu wa simu una watoto wanaocheza mpira kwenye kiwanja cha mchanga, saa kumi jioni. Jua la saa hiyo linadai kivuli kirefu kinachomfuata mchezaji kila anapogeuka. Kile kiduara cheusi chini ya miguu hakitoshi. Nikatumia njia aliyoieleza Lance Williams mwaka 1978: unachora mandhari ukiwa umesimama lilipo jua na kuhifadhi umbali wa kila pikseli kwenye picha inayoitwa ramani ya vivuli. Kisha, unapochora kwa kamera ya mchezaji, unauliza kama kuna kitu kilicho karibu zaidi na jua kwenye mstari huohuo. Kikiwepo, hapo ni kivulini.

Kwenye kompyuta kilipendeza. Kwenye simu ya bei ndogo, kingo zilikuwa na meno kama msumeno. Nikapandisha ramani kutoka pikseli 1024 hadi 2048 kila upande. Simu ikachemka, mchezo ukawa unakwama. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, una milisekunde 16.7 kwa kazi yote, na ramani ya 2048 yenye biti 32 ni MB 16 za kuandikwa kwenye memori kila fremu.

Kosa lilikuwa kwingine. Boksi la kamera ya jua, yaani eneo linalochorwa kwenye ramani ya vivuli, lilifunika mita 200 kila upande, mtaa mzima, ilhali mchezaji anaona kama mita 30 tu. Gawa 200 kwa 1024: kila pikseli ya ramani inabeba karibu sentimita 20. Mguu wa mtoto unapotelea humo! Nilipolibana boksi hadi mita 30 nikapata sentimita 3 kwa ramani ileile ya 1024, nikashuka hadi biti 16, yaani MB 2. Anzia hapo, tafadhali. Na boksi likimfuata mchezaji, lisogeze kwa hatua kamili za pikseli za ramani, la sivyo kingo zitachezacheza.

Siku tatu zilinipotea kwa neno moja kwenye sheda, ile programu ndogo inayopaka rangi pikseli: mediump, yaani hesabu za usahihi wa kati. Kompyuta yangu ililipuuza, simu ikalitii, vivuli vikakatika vipande. Viwianishi vya kivuli (namba za mahali kwenye ramani) viandikie highp, usahihi wa juu.

Ukiona michirizi ya pundamilia ardhini, ongeza kidogo umbali wa kusamehe, yaani tofauti ndogo unayoipuuza unapolinganisha umbali na ule wa ramani. Ukizidisha, kivuli kinaachana na miguu na mtoto anaonekana anaelea. Mimi nilimsimamisha mmoja peku mchangani, nikapunguza kidogokidogo hadi kisigino kikagusana na kivuli chake.