Jibu: Dume mwekundu, watoto wa kila rangi

Habari mkuu. Nimekuelewa: ulinunua gapi (samaki wadogo wa mapambo) dume mmoja mwekundu na majike watatu dukani, wamezaa mara mbili, na watoto wanatoka rangi mchanganyiko, nawe unataka wekundu tu.

Usimlaumu dume bado. Hao majike dukani walikaa tangi moja na madume wengine? Kama ndiyo, walikuja na mimba. Jike wa gapi huhifadhi mbegu za dume tumboni kwa miezi kadhaa, akazaa tena na tena bila kupandwa upya. Mimi nilihangaika karibu nusu mwaka kabla sijalijua hilo.

Kwa hiyo anza na watoto. Kuanzia wiki ya 3 wamulike kwa tochi kila siku: jike huonyesha doa jeusi karibu na mkundu, dume pezi lake la chini huanza kuchongoka kama sindano. Watenganishe hapo hapo. Ukingoja hadi wiki ya 6, huenda wadogo wameshapandana.

Dume mchague rangi ikishakolea, miezi 3 au 4: mkia mwekundu wote bila mabaka, mgongo ulionyooka. Ila kabla hujamtupa aliyefifia, mlishe uduvi wa kusaga wiki kadhaa, wekundu hutegemea sana chakula.

Jike ndiye mtihani, maana rangi yake haisemi mengi. Kila jike uliyemtenganisha mapema mweke ndoo yake na dume yule yule kwa zamu, kisha linganisha watoto wa kiume. Mwenye wana wekundu zaidi ndiye wa kubaki naye.

Kuhusu gapi albino uliowauliza pia, sijawahi kuwafuga, hapo wengine watakusaidia.