Jibu: Dada ameitwa kwenye majaribio ya dawa mpya ya homa ya ini B, akubali?

Mkuu, umesema dada yako aliyeko London ameitwa kujaribiwa dawa ya sindano ya homa ya ini B, na mama yenu hataki, anaona atafanywa panya wa maabara. Mimi pia niko Uingereza, nina ugonjwa huu tangu ujana na nimeshiriki majaribio ya namna hiyo. Kwangu mimi, aende. Ila kabla ya kusaini aulize kwa kina atafuatiliwaje sindano zikishaisha.

Hofu ya mama ina msingi. Mwaka 1993, Bethesda, Marekani, wagonjwa 15 walipewa fialuridine, dawa ya majaribio ya homa ya ini B. Virusi vilishuka, ikaonekana dawa imekubali. Wiki zilivyosonga, maini ya watu 7 yakashindwa kufanya kazi: 5 wakafariki, 2 wakapona kwa kupandikizwa ini. Dawa ile ilikuwa inaua polepole mitokondria, yaani sehemu za seli zinazotengeneza nishati, na wengine walizidiwa ikiwa imeshasimamishwa. Ndiyo maana mimi nilitolewa damu kila nilipofika kliniki, na waliendelea kuniita muda mrefu baada ya sindano ya mwisho. Wenzangu wengine waliona usumbufu. Mimi sikukosa hata mara moja, maana hapo ndipo usalama wako ulipo.

Asiende akitarajia muujiza pia. Chukua bepirovirsen, dawa ya sindano ya homa ya ini B: katika awamu ya pili ya majaribio iliyotangazwa 2022, waliochomwa miligramu 300 kila wiki kwa wiki 24, ni kama 9 au 10 tu katika kila 100 waliokaa wiki 24 nyingine bila virusi wala HBsAg (protini ya ganda la virusi) kuonekana kwenye damu. Wapo wanaosema ni wachache. Sisi tulioambiwa tenofovir, vidonge vya ugonjwa huu, ni ya kumeza miaka yote tunaona ni jambo kubwa mno, kwa sababu tenofovir inazuia virusi kuzaliana tu, haing'oi ile cccDNA, yaani vinasaba vya virusi vilivyojificha ndani ya seli za ini.

Na hapo kwenye tenofovir awe makini sana. Asiiache kwa kukisia, hata akijisikia mzima. Virusi vinaweza kulipuka na ini likaumia vibaya. Aulize ni nani atakayeamua aiache, lini, na kwa vipimo gani. Aulize kama kuna kundi la kulinganishia, linalopewa sindano isiyo na dawa ndani. Ana haki ya kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, lakini akijitoa aendelee kwenda kupimwa damu. Fomu ya ridhaa aichukue nyumbani, asome na daktari wake wa ini, sio yule wa majaribio peke yake.