Kompyuta imekaa tu, au? Maswali yenu kuhusu kuwaazimisha watafiti wa magonjwa prosesa

Wiki iliyopita nilitaja tu kwa kupita kwamba kompyuta yangu usiku inapiga hesabu za protini kwa ajili ya watafiti wa magonjwa, nikajua yameisha, kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi, mengine ya maana na mengine ya kunitania tu, yaliyofanana nimeyaunganisha.

Hawa watu wana makompyuta makubwa ya mabilioni, sasa hiki kikompyuta changu kitawasaidia nini?

Hili ndo swali nililolipenda kuliko yote, kwaiyo nivumilie nikirefusha. Protini ni kama mnyororo ambao lazima ujikunje vizuri ndo ufanye kazi yake mwilini, ukijikunja vibaya unaweza kuleta balaa, na magonjwa kama Alzheimer (ya kupoteza kumbukumbu) na Parkinson (ya kutetemeka) yanahusishwa na protini zilizojikunja vibaya zikarundikana. Sasa mtafiti anataka kuona ule mnyororo unavyocheza, atomu kwa atomu. Kompyuta inafanya hivo kwa kupiga hesabu hatua kwa hatua, na hatua moja ni kama femtosekunde 2 tu, yaani uchukue sekunde moja uigawe mara milioni bilioni alafu uchukue vipande viwili. Ili uone milisekunde moja tu ya huo mchezo unahitaji hatua bilioni 500! Na huwezi kuzigawa ovyo kwa sababu kila hatua inasubiri jibu la iliyotangulia.

Ujanja walioupata ni huu: badala ya kumtuma mtu mmoja azunguke msitu mzima peke yake, unatuma watu elfu, kila mmoja unamwanzishia sehemu tofauti, anatembea kidogo, anarudi anakwambia kaona nini, alafu we unaunganisha unachora ramani. Vijay Pande na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walianza hivo mwaka 2000 na mradi wa Folding@home. Kompyuta yako ni mmoja wa hao watu elfu. Inapewa kipande, inakimaliza kwa masaa kadhaa au siku, inarudisha, inapewa kingine.

Na kama bado unadharau, Machi 2020 korona ilipopamba moto watu waliojiunga walitoka kama 30,000 wakavuka milioni moja, na nguvu ya wote ikipigwa jumla ilipita eksaflopu 1, yaani hesabu bilioni bilioni kwa sekunde. Kompyuta kubwa kuliko zote duniani wakati huo, Summit ya Marekani, ilikuwa haifiki hata robo ya hapo. Kompyuta moja moja kufika hapo rasmi ilikuja 2022, Frontier. Kwaiyo kikompyuta chako kikiwa peke yake kweli ni kidogo, ila hakipo peke yake.

Wanasema unatoa nguvu ya ziada ambayo ingepotea bure. Sasa mbona bili ya umeme imepanda?

Imepanda kwa sababu hiyo habari ya "ya bure" imepitwa na wakati, na mi naona watu wa miradi hii wangetakiwa kuisema kwa sauti zaidi. SETI@home ilipoanza 1999, ile ya kutafuta viumbe wa angani, prosesa (ubongo wa kompyuta) za kipindi kile zilikuwa zinakula umeme karibu uleule ziwe na kazi au hazina, kwaiyo kuzipa kazi kulikuwa kweli ni kama kuokota. Za sasaivi zikikosa kazi zinasinzia, zinashusha mwendo, ukizipa kazi zinaamka na kula.

Piga hesabu mwenyewe: tuseme kompyuta ya mezani ikikaa tu inakula wati 50 na ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula 150. Tofauti ni wati 100, masaa kumi ni uniti moja, kila usiku kwa mwezi ni uniti 30. Ukiwa na kadi kubwa ya michoro, zile za wacheza gemu, ongeza tena, hizo zinaweza kula wati 200 mpaka 300 peke yake, ila nazo zinafanya kazi nyingi sana kwa kila uniti kuliko prosesa ya kawaida. Kwaiyo huo ni mchango kama mchango mwingine wowote, unatoka mfukoni. Kama mfuko unabana usijisikie vibaya, zima.

Ninachofanya mi ni kuiacha ifanye kazi muda ambao kompyuta ingekuwa imewaka hata hivo. Sikeshi nayo kwa ajili ya protini peke yake, isipokuwa usiku ninaoacha inahifadhi mafaili yangu, hapo na yenyewe inaendelea.

Laptopu yangu ilikuwa moto kama pasi na feni inalia, nimeiua?

Hapana, ina ulinzi wake, ikizidi joto inapunguza mwendo au inajizima. Lakini usiizoeshe. Laptopu nyingi hazijatengenezwa kufanya kazi asilimia 100 usiku kucha. Mi ya kwanza niliiachia hivohivo juu ya godoro, vumbi ndani, baada ya miezi feni ikaanza kukwaruza nikanunua nyingine, ujinga wangu. Ingia kwenye mipangilio ya programu ushushe matumizi ya prosesa yawe nusu, weka ifanye kazi ukiwa umechomeka chaji tu, na iweke juu ya meza ngumu ipumue. Ukiweza kusafisha vumbi safisha.

Na simu je?

Inawezekana, BOINC, programu nyingine ya kuazimisha kompyuta kama Folding@home, ina apu ya Android, na kwa kawaida inasubiri simu iwe kwenye chaji, iwe kwenye waifai na betri ivuke asilimia 90 ndo inaanza, kwaiyo bando lako liko salama. Ila joto na betri za simu havipatani. Simu ya zamani iliyokaa droo sawa, ya kila siku mi nisingeiweka.

Nitajuaje hawaniibii picha na mafaili yangu?

Uko sawa kuwa na wasiwasi, programu yoyote unayoinstoli unaiamini. Ninachojua ni kwamba programu hizi hazina haja na mafaili yako, zinapokea kipande cha kazi kutoka seva, zinakipiga kwenye folda lake, zinarudisha majibu. BOINC, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, inaachia msimbo wake (yale maandishi yanayounda programu) wazi mtu yeyote aukague, na programu zinazoletwa na mradi zinakuja na sahihi ya kidijitali inayokaguliwa kabla hazijaanza. Hatari iko kwingine kabisa: matapeli wanaotengeneza programu inayofanana na hizi, ukiinstoli kumbe unawachimbia wao sarafu za mtandaoni. Kwaiyo daunlodi kwenye tovuti rasmi ya mradi wenyewe, sio kwenye linki uliyotumiwa na rafiki wa rafiki.

Wanalipa?

Hawalipi. Unapata pointi za kujisifia tu, na kuna watu wanagombania hizo pointi utadhani kombe la dunia!

Si AlphaFold, ile akili bandia ya kubashiri umbo la protini, ishamaliza hii kazi? Nasikia hadi Nobel wamepewa.

Nobel ni kweli, ya kemia 2024, Demis Hassabis na John Jumper kwa AlphaFold, pamoja na David Baker wa Chuo Kikuu cha Washington ambaye maabara yake ndo ilianzisha Rosetta@home mwaka 2005, hii hii ya kutumia kompyuta za watu. Kwaiyo sio maadui.

Ila AlphaFold inakupa umbo, tuseme picha ya mnato, na protini haikai imetulia, inajinyonganyonga. Mfano mzuri ni protini VP35 ya kirusi cha Ebola. Kwenye picha inaonekana laini tu, hakuna pa kuishika, yaani dawa haina kijishimo cha kuingia. Watu wa Folding@home walivyoiangalia ikicheza wakaona kuna mfuko unafunguka na kufunga, na maabara ikathibitisha mfuko upo. Huo usingeuona kwenye picha moja. Kwaiyo kazi bado ipo.

Ofisini kuna kompyuta arobaini zinalala usiku, niziwekee?

Ukipewa ruhusa ya maandishi, sawa. Bila ruhusa usithubutu ndugu yangu. Kuna fundi kompyuta wa chuo kimoja jimbo la Georgia, Marekani, aliweka programu ya aina hii kwenye kompyuta za chuo bila kuruhusiwa, akafunguliwa mashtaka ya jinai, na mwaka 2002 ikaisha kwa kuwekwa chini ya uangalizi, faini na kazi za jamii. Umeme sio wako na mashine sio zako, hata kama nia ni njema kiasi gani.

Baba yangu ana Alzheimer. Nikiweka hii itamsaidia?

Pole sana dada. Sitaki kukudanganya, baba hatapata kitu kutokana na hesabu za mwaka huu. Njia kutoka kompyuta mpaka kidonge ni ndefu mno. Chukua mradi mmoja wa World Community Grid, mpango mwingine wa kuazimisha kompyuta kama hii, uliokuwa unatafuta dawa ya saratani ya watoto iitwayo neuroblastoma: walipitisha molekuli milioni 3 kwenye kompyuta za watu, na 2014 wakatangaza 7 zenye matumaini. Kutoka milioni 3 hadi 7 ni hatua kubwa, lakini hizo 7 bado ni za maabara na panya, sio za duka la dawa. Kama kuiweka kutakupa moyo kwamba unafanya kitu, weka, Folding@home inakuruhusu kuchagua ugonjwa, Alzheimer mara nyingi ipo kwenye orodha. Ila kama saa na hela ni za kuchagua, zipeleke kwa baba kwanza.

Nikichoka naachaje?

Usiifute tu ghafla. Kila kipande kina tarehe ya mwisho, ukipotea nacho seva inakaa inakusubiri mpaka muda upite ndo inampa mtu mwingine, na kwa kazi zinazofuatana huyo wa nyuma yako naye anasubiri. Kwenye Folding@home bonyeza kitufe cha kumaliza, kwenye BOINC chagua isipokee kazi mpya, iache imalizie ilichoshika na kurudisha, alafu ndo uifute.