Kabla hujachimba udongo wa vichakani

Mdogo wangu, umepewa kazi ya isotopu za kaboni, yaani aina za kaboni zinazotofautiana kwa uzito, kwenye vichaka vya ukanda wa mifugo wa Uganda, na kitabu kimekuchanganya. Kiweke, uangalie sahani yako ya mchana. Posho ni mahindi, na mahindi, kama mtama wa Karamoja na nyasi nyingi za mbugani, hutengeneza sukari yake kwa njia iitwayo C4. Matoke na maharagwe ni C3, sawasawa na migunga. Mimea ya C3 huikwepa zaidi kaboni-13, ile nzito, ambayo ni kama asilimia 1.1 tu ya kaboni yote. Mashine hupima kaboni-13 kwa kuilinganisha na kipimo cha kimataifa; namba ikishuka chini ya sifuri, kaboni-13 imepungua. Ndiyo maana majani ya mgunga yatakupa karibu -27 kwa elfu, na nyasi karibu -13. Hizo hatua 14 ndizo mtaji wako wote.

Kwa hiyo mahali kama Ziwa Mburo, ambako migunga imevamia nyasi, udongo wenye -20 unakuambia nusu ya kaboni yake imetoka kwa miti na nusu kwa nyasi. Tabaka la juu hubeba habari za karibuni. Ukishuka, unakuta nyasi za zamani.

Inapendeza, ila usikimbilie kushangilia. Namba hupanda yenyewe kadiri unavyoshuka, hatua 1 hadi 3, kwa sababu ya uozo na kwa sababu hewa yenyewe imebadilika: kabla ya viwanda ilikuwa karibu -6.5, na moshi wa makaa na mafuta umeishusha chini ya -8. Mimi niliwahi kutangaza "uvamizi wa vichaka" kwa tofauti ya hatua 2. Msimamizi wangu aliniangalia tu.

Aibu kubwa zaidi ilikuwa shimo moja chini ya kichaka kinene. Nilitegemea -25, mashine ikatoa -16. Nikarudia, yaleyale. Nikalaumu maabara. Niliporudi shambani, mzee mmoja mfugaji alicheka: "Hapo palikuwa zizi letu." Miaka na miaka ya samadi ya ng'ombe waliokula nyasi! Zizi la mbuzi lingenidanganya kwa upande mwingine, maana mbuzi hula vichaka. Tangu siku ile siteui shimo kabla ya kukaa na wenyeji na kuuliza: zizi lilikuwa wapi, moto ulipita lini, nani aliwahi kulima mahindi hapa. Kichuguu nacho kikwepe, kwani mchwa hupandisha juu udongo wa chini. Na ule mnyaa mrefu wenye matawi kama kinara usiuhesabu pamoja na migunga: hufungua matundu yake usiku, na namba zake huweza kukaribia za nyasi.

Udongo mbichi usiuache ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kwani vijidudu huendelea kula na sampuli inabadilika ukiwa bado barabarani. Uanike siku hiyohiyo, kisha tanuri la nyuzi 60. Dondoshea asidi kidogo pembeni. Udongo ukitoa povu, kuna chokaa, na chokaa huwa karibu 0, hivyo iondoe kabla ya kupima.

Ukipima hewa inayotoka ardhini, kaa upande ambao upepo unaelekea. Pumzi yako ina kabonidioksidi mara mia kuliko hewa ya kawaida, na inabeba posho uliyokula.

Kama mradi una pesa za kupima kaboni-14, ile yenye mionzi, utaweza kujua kama kaboni iliyoingizwa na vichaka inakaa au inarudi hewani upesi, na kwenye joto hili linalozidi ndilo swali lenyewe. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanyika hewani, mengi yake hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaliongeza kaboni-14 angani, kwa hiyo kaboni ya baada ya hapo inajitambulisha. Ila ulizia kwanza: chumba utakachokaushia sampuli kiliwahi kutumika kwa majaribio yenye kaboni-14 ya kununuliwa, ambayo mabaki yake yanaweza kuchafua sampuli zako? Kama kiliwahi, chukua mifuko yako utafute chumba kingine, hata kama ni jiko la nyumbani.