Kibakuli Nisichokiagiza

SWALI: Ndugu Mhariri, niko Tokyo kwa mafunzo ya miezi sita. Juma lililopita wenzangu wa kazini walinialika kwenye izakaya, yaani baa ndogo yenye taa nyekundu ya karatasi mlangoni, ambako huchomwa mishikaki ya kuku na kunywewa sake, yaani pombe ya mchele ya Kijapani. Kabla hatujaagiza kitu niliwekewa kibakuli cha kachumbari ya figili, na bili ilipoletwa nikaona kimetozwa yeni 400. Je, nilipunjwa? Tena niliulizwa kama nataka mishikaki ya chumvi au ya mchuzi, nami nikasema mchuzi bila kujua tofauti. Mimi situmii pombe.

JIBU: Hukupunjwa, ndugu msomaji, ingawa ingefaa wenyeji wako wakueleze mapema. Kibakuli hicho huitwa otoshi huko Tokyo, na watu wa Osaka hukiita tsukidashi. Ni kitoweo kidogo cha kupokelea mgeni, lakini kwa hesabu ya mwenye baa ni kodi ya kiti. Jina izakaya lenyewe limeunganisha kukaa, sake na duka, kwa kuwa enzi za Edo, yaani kati ya karne ya 17 na ya 19, baadhi ya maduka ya pombe yaliwaachia wateja wanywe papo hapo badala ya kubeba nyumbani, na vitoweo vikafuata. Baa chache hukubali kukiondoa kibakuli hicho ukisema kabla hujakigusa, ila nyingi hazikubali. Japani hakuna bakshishi, kwa hiyo sioni kuwa yeni 400 ni dhuluma.

Suala la chumvi na mchuzi ndilo zito kwako. Mchuzi huo, uitwao tare, hupikwa kwa sosi ya soya, sukari na mirini, ambayo ni pombe tamu ya mchele, na mara nyingi huongezwa sake. Moto hupunguza kileo, lakini hauhakikishi kuwa kimekwisha chote. Kwa hiyo sema “shio”, yaani chumvi, na bado uulize, kwa sababu wapo wapishi wanaonyunyizia nyama sake kabla ya kuichoma. Ikiwa unaepuka pombe kwa ajili ya dini, jua pia kuwa nyama ya nguruwe huweza kuchomwa juu ya jiko lile lile, na kuku wa baa ya kawaida hakuchinjwa kwa kufuata sharia.

Ukiridhika na hayo, chumvi haikupunguzii utamu. Agiza momo, ambayo ni paja, au negima, iliyopishanishwa na vitunguu vya majani. Na mpenzi wa firigisi aombe sunagimo, maana Wajapani huichoma vizuri kuliko wengi wetu. Kinywaji cha asiyekunywa pombe ni chai baridi ya oolong, na hakuna atakayekushangaa. Usijimiminie: mmiminie jirani, naye atakumiminia.

Jambo moja hukuliuliza. Bili ya kundi mara nyingi hugawanywa sawa kwa vichwa, hivyo mnywa chai huchangia sake ya wenziwe bila kujua. Mwambie mapema yule anayekusanya fedha kwamba hunywi. Wengi hukupunguzia bila kinyongo, na kiasi hicho huenda kikazidi sana yeni 400 zilizokuuma.