Nati Kwanza, Mdomo Baadaye

Kama wewe ni fundi wa AC hapa Dar na hujawahi kutanua mdomo wa paipu ukatoka safi kabisa, halafu ukaiona nati, ambayo haipiti tena mdomo ukishatanuka, imelala sakafuni, basi bado hujaanza kazi. Mimi yamenikuta zaidi ya mara moja, na siku moja mwenye nyumba alikuwa amesimama pembeni anakunywa juisi ananitazama. Hapo hakuna ujanja. Unakata, unaanza upya, na paipu imeshapungua.

Lililonitia adabu hasa lilitokea Mikocheni. Nilifunga AC ya BTU 12,000, ikapoza, nikalipwa. Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu: "Fundi, hii inapuliza upepo tu." Nikaenda, nikaongeza gesi. Mwezi haukuisha, simu tena. Nikasingizia gesi, eti siku hizi madukani wanauza feki. Safari ya tatu ndipo nikapaka povu la sabuni kwenye maungio, na nati ya paipu ya inchi 3/8 ikaanza kutoa mapovu taratibu. Kufungua, mdomo wa shaba una ufa mwembamba kama unywele. Nikakumbuka: paipu ile niliikata kwa msumeno, nikaipitisha tupa harakaharaka kwa sababu jua lilikuwa linazama.

Msumeno unaacha mdomo uliokwenda upande, na unga wa shaba unabaki ndani ya paipu ukiisubiri kompresa. Nunua kikata-paipu cha gurudumu. Kaza kidogo, zungusha, kaza kidogo tena. Ukikaza kwa pupa paipu inabonyea, na paipu iliyobonyea haitanuki sawa hata ufanyeje.

Ukishakata, gurudumu linakuwa limekunja ukingo kuelekea ndani. Wengi wetu tunapapita hapa kana kwamba hapapo. Ukingo ule lazima ukwanguliwe, na mdomo wa paipu uelekee chini wakati unakwangua, ili mabaki yadondoke nje. Kuna mzee wa mtaa wa Gerezani niliwahi kumshikia vifaa. Aliponiona nakwangua kwa hasira akaninyang'anya. "Mwanangu, unakata ukucha, hukati kidole." Ukikwangua mpaka ukuta wa shaba ubaki kama wembe, ukija kutanua utapasuka.

Sasa vaa nati. Sasa hivi, kabla hujagusa kitu kingine.

Kwenye kutanua, angalia paipu inachomoza kiasi gani juu ya kibanio. Vifaa vya kutanulia vyenye klachi vilivyotengenezwa kwa ajili ya gesi ya R410A vinataka ichomoze milimita 0 hadi 0.5, vile vya enzi za gesi ya zamani ya R22 vinataka 1 hadi 1.5. Ukichanganya hivyo viwili unapata mdomo mdogo usioshika au mkubwa unaokwaruzwa na nati. Mimi napima kwa kalipa: paipu ya 1/4 mdomo uwe kama milimita 9, ya 3/8 kama 13. Kisha nautazama kwa tochi ya simu. Nikiona mkwaruzo au upande mmoja mnene kuliko mwingine, nakata bila huruma. Presha ya R410A ni kama mara moja na nusu ya R22, kwa hiyo mdomo uliokuwa unavumilika zamani leo utavuja.

Tone moja la mafuta ya kompresa kwenye uso wa mdomo, nati ianze kwa vidole mpaka igome, ndipo spana mbili, moja ikishikilia. Paipu ya 1/4 inataka ikazwe kwa nguvu ya nyutoni-mita 14 hadi 18 tu, na hapo ndipo spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, inapoua kazi, maana mkono wa fundi aliyechoka haujui kipimo. Jaribu uvujaji kwa naitrojeni na povu. Usijaribu kwa oksijeni hata mtungi wa kuchomelea ukiwa karibu: oksijeni ikikutana na mafuta ndani ya mfumo inaweza kulipuka.

Vipande vinavyobaki sivitupi. Kabla ya kazi natanua viwili vitatu hapohapo, mkono uzoee.

Mteja wa Mikocheni sikumtoza safari ya tatu. Bado ananiita, ila siku hizi nikimaliza tu anatoka jikoni na bakuli lake la sabuni.