Alama za Wells zimetoka 1: je, mwenye kigimbi kilichovimba aende nyumbani?

Mkuu, umeuliza kama alama 1 inatosha kumruhusu mgonjwa aliyevimba kigimbi kimoja. Haitoshi. Wells, yaani orodha ya alama za kukadiria uwezekano wa damu kuganda kwenye vena za ndani za mguu, haikuambii nani aende nyumbani, inakuambia kipimo gani kifuate: 2 na kuendelea, ultrasaundi ya vena, 1 kushuka, D-dimer (kipimo cha damu kinachotafuta mabaki ya damu iliyoganda) kwanza. Uholanzi mwaka 2005, Oudega na wenzake walipoijaribu kwa wagonjwa wa madaktari wa familia, kundi la hatari ndogo (0 kushuka) bado lilikuwa na damu iliyoganda kwa asilimia 12 hivi.

Makosa mengi huanzia kwenye futi kamba. Watu huzungusha pale kigimbi kilipojaa, kila mguu mahali pake, kisha wanalinganisha vitu viwili tofauti. Mlaze chali, miguu ikae sawa, papasa kile kinundu cha mfupa chini ya goti, shuka sm 10, weka alama ya kalamu. Fanya hivyo miguu yote miwili. Kamba iguse ngozi bila kuibana, maana kwenye mguu uliojaa maji ukivuta kidogo tu namba inapungua. Tofauti ikifika sm 3, alama 1. Kubonyea (ukibonyeza ngozi, shimo linabaki) kunahesabiwa alama 1 kama ni mguu unaouma peke yake. Miguu yote ikibonyea, fikiria moyo, figo au ini.

Alama nyingine za 1 zinatoka kwenye mahojiano na macho: saratani hai au iliyotibiwa ndani ya miezi 6, mguu uliopooza au kufungwa hogo, kulazwa kitandani siku 3 au upasuaji mkubwa ndani ya wiki 12, maumivu ukifuata njia ya vena za ndani, mguu mzima kuvimba, vena za juu ya ngozi kutokeza (zilizojikunja za miaka mingi hazimo), na kuwahi kupata damu iliyoganda kwenye vena za ndani. Kukunja wayo kuelekea juu ili kuona kama kigimbi kinauma, achana nako, hakuaminiki.

Sasa ile -2, ambayo ndiyo inayoponza. Inatolewa pale ambapo ugonjwa mwingine una uwezekano sawa au zaidi. Chukua mzee wa miaka 64: tofauti sm 3.5, kunabonyea, jumla 2. Ngozi ina wekundu kidogo, mtu anasema "maambukizi ya ngozi", anatoa 2, anabaki na 0 na dawa za bakteria mkononi. Wekundu pekee haustahili -2, maana hata damu iliyoganda huleta wekundu na joto. Tafuta jeraha, homa, mpaka wa wekundu unaosogea. Andika ugonjwa huo mbadala kwenye faili kabla ya kujumlisha. Ukisita kuuandika, usitoe.

D-dimer nayo ina mitego. Mwenye zaidi ya miaka 50, kikomo ni umri mara 10 (huyo mzee, 640 ng/mL) endapo maabara inatumia FEU, moja ya njia mbili za kuandika majibu ya D-dimer. Ikitumia ile nyingine, DDU, mara 5. Uliza kabla ya kusoma namba. Inapanda kwa maambukizi, saratani, ujauzito na upasuaji, na inaweza kushuka kwa uongo kama dalili zina wiki kadhaa au ameshaanza dawa za kuzuia damu kuganda. Mjamzito usimpigie Wells kabisa, haikutengenezwa kwa ajili yake, mpeleke ultrasaundi.

Kama ultrasaundi haipatikani ndani ya saa 4 na alama ni 2 au zaidi, chukua damu ya D-dimer, kisha anza dawa za kuzuia damu kuganda ukiwa umeuliza kuhusu kutokwa damu, figo na ujauzito, na picha ipatikane ndani ya saa 24. Picha ikiwa safi huku D-dimer iko juu, simamisha dawa na irudiwe baada ya siku 6 hadi 8, kwa kuwa donge la kigimbini linaweza kupanda hadi juu ya goti. Akianza kuhema au kifua kuuma, acha hesabu zote, apelekwe dharura saa hiyo hiyo.